Tumbo si mtaro wa kuzibuliwa kila Shaaban



Ndugu zangu, mama zangu, vijana wangu. Andiko la leo ni refu. Kaa kitako, usome mpaka mwisho ndipo usambaze, maana kuna watu wetu humu husambaza kichwa cha habari tu, kisha wakiulizwa ndani mna nini hawajui.

Tumeingia Shaaban na matangazo yameshaanza. Safisha tumbo uingie Ramadhani mwepesi. Toa uchafu wa miaka kumi kwa siku tatu. Unga uko kwenye pakiti, juu yake picha ya msikiti, na neno Sunna limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko maelezo ya kipimo. Ijumaa iliyopita nje ya geti letu zilikuwapo meza tatu za namna hiyo. Wanaouza ni wanetu, wanatafuta riziki, na sina ugomvi nao. Lakini waliniomba niseme neno moja tu juu ya mimbari kuwasaidia biashara. Nimekataa, na nataka mjue sababu.

Msimamo wangu ni huu: mtu mwenye afya hana haja ya kujiharisha ili aingie Ramadhani. Na hilo la pakiti ni tawi moja tu. Tawi la pili ni vile vidonge vya rangi mbili mnavyovinunua vitano vitano kila mafua yanapopita. Tawi la tatu ni yule bibi anayemwambia mzazi ayakamue na kuyamwaga maziwa ya mwanzo kwa kuwa ni ya njano, "machafu". Ukiyatazama yote matatu, shina lake ni moja: tunadhani kila kilichomo tumboni ni uchafu, na kila uchafu dawa yake ni kufagia.

Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya chuoni na ya sekondari, mnajua. Ila nimelisoma jambo hili kwa muda na nimewauliza madaktari wawili tunaoswali nao, na nikaona ni haki yenu kulijua.

Anza na wanaoishi humo. Ndani ya mwili wa mtu mzima mmoja mna bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38. Trilioni ni bilioni elfu moja, msije mkapitisha haraka. Seli za mwili wenyewe, zile za damu, nyama na mifupa, zinakadiriwa trilioni 30. Hesabu hiyo waliitoa watafiti watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, mwaka 2016, wakasahihisha ile iliyokuwa ikisemwa zamani kwamba bakteria wanatuzidi mara kumi. Wakiwekwa wote pamoja uzito wao ni kama gramu 200, robo kilo haijafika. Na karibu wote wanakaa kwenye utumbo mpana.

Sasa tazama ukuta unaotutenganisha nao. Utumbo kwa ndani umefunikwa kwa safu moja tu ya seli. Moja! Juu yake kuna ute. Safu hiyo huvuliwa na kuvishwa upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Upande mmoja wa ukuta kuna umati huo wa trilioni, upande wa pili kuna damu yako. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu ameweka nyuma ya ukuta ule askari wengi wa kinga kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Kwenye utumbo mwembamba kuna vituo vidogo vidogo vya ulinzi ambavyo mganga wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, alivieleza tangu mwaka 1677 na vikaitwa kwa jina lake. Vituo hivyo huchukua sampuli ya kinachopita, vikaipeleka kwa seli za kinga ziitambue.

Hapo ndipo swali linapokuja, na ndilo nililotaka mlifikirie. Askari huyo anajuaje nani wa kumpiga na nani wa kumwacha? Chakula ulichokula si mwili wako, ni kigeni. Bakteria wa kukusaidia ni mgeni. Kipindupindu ni mgeni pia. Akiwapiga wote, utumbo wako utakuwa kidonda kutwa. Akiwaacha wote, utakufa.

Jibu ni kwamba anafundishwa. Na katika walimu wake wakubwa ni bakteria wenyewe.

Hili halikujulikana kwa kukisia. Wanasayansi huwalea panya ndani ya vyumba visivyo na kijidudu hata kimoja. Hewa inachujwa, chakula kinachemshwa, panya anazaliwa na kukua bila bakteria. Ungedhani panya msafi namna hiyo angekuwa na afya kuliko wote. Kumbe sivyo. Vile vituo vya Peyer kwake ni vidogo, havikukomaa. Ute wa utumbo haukukaa sawasawa. Seli zinazotengeneza ile kingamwili ya utumboni inayoitwa IgA ni chache mno. Na IgA si jambo dogo: wewe unayesoma hapa mwili wako unatengeneza gramu kadhaa kila siku, inamwagwa ndani ya utumbo ikawafunge wavamizi wasishike ukuta. Panya yule akitiwa bakteria wa panya wa kawaida, vituo vinakua, IgA inapanda. Yaani askari walikuwapo, ila darasa halikuwa na mwalimu.

Na kila mwalimu ana somo lake, kama ilivyo chuoni: huyu wa tajwidi, huyu wa fiqhi. Kule New York, Ivaylo Ivanov na Dan Littman walikuta jambo la ajabu. Panya wa ukoo mmoja, walionunuliwa kwa wafugaji wawili tofauti, hawakuwa sawa. Wa mfugaji mmoja walikuwa na seli nyingi za kinga aina ya Th17 utumboni, ambao ni walinzi wa mpakani, wepesi wa kupiga kengele. Wa mfugaji wa pili walikuwa nazo chache mno. Damu ile ile, chakula karibu kile kile. Mwaka 2009 wakaonyesha tofauti ilitoka wapi: aina moja tu ya bakteria, mrefu kama uzi, anayejishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Panya asiye naye akipewa, walinzi wale wanatokea, na anakuwa na nguvu zaidi dhidi ya kijidudu cha kuharisha.

Lakini mlinzi mkali bila mzee wa kumtuliza ni balaa. Anaanza kupiga watoto wa nyumbani. Basi mwaka 2011 Wajapani, akina Koji Atarashi na Kenya Honda (jina lake ni Kenya, si nchi), wakaonyesha kundi jingine la bakteria, jamaa ya Klostridia, ambao kazi yao ni kinyume. Hao huongeza seli za kutuliza ugomvi kwenye utumbo mpana. Mwaka 2013 wakachagua aina 17 kutoka kwenye choo cha binadamu, wakawapa panya, na seli za kutuliza zikaongezeka. Mwaka huo huo wa 2013 makundi kadhaa ya watafiti yakatueleza njia mojawapo inayotumika. Bakteria hao wakila nyuzinyuzi za chakula chetu, zile ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, wanatoa asidi inayoitwa butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na ndiyo pia inayoziambia seli changa za kinga: kuwa mtulivu, hawa ni jirani.

Basi ukimwaga nje wakazi hao, humwagi uchafu. Unafukuza walimu na kufunga darasa.

Nije kwa mama na bibi zetu, kwa heshima zote.

Kuna umri wa kufundishwa. Kila mwalimu wa chuo anajua mtoto wa miaka sita hafundishwi sawa na mzee wa miaka sitini. Mwaka 2012 watafiti wa Boston walichapisha kazi yao juu ya panya wale wasio na bakteria. Walikuta kwamba kundi fulani la seli za kinga lilikuwa limerundikana kupita kiasi kwenye utumbo mpana na kwenye mapafu yao, na panya hao walikuwa wepesi kupata uvimbe wa utumbo na ugonjwa unaofanana na pumu. Wakawatia bakteria wangali wachanga, mambo yakatulia. Wakawatia wakiwa wakubwa, haikusaidia. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Panya si mtu, nalijua hilo, na madaktari wale wawili wamenisisitiza niliseme. Lakini hata kwa watoto wa binadamu wanachuoni wa mambo haya wanaziona siku za mwanzo kuwa ndizo nzito kuliko zote.

Sasa tazama Mola alivyomwandalia mtoto. Yale maziwa ya mwanzo, dang'a, mazito, ya njano, yamejaa IgA. Mtoto bado hajui kutengeneza yake ya kutosha, basi anaazimwa ya mama. Zaidi ya hapo, ndani ya maziwa ya mama kuna aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga hata kidogo. Ukiondoa sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta, hizo ndizo nyingi kuliko kitu kingine kigumu kilichomo. Wataalamu walijiuliza: mama anatumia nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hali, cha nani? Ni cha bakteria. Kuna bakteria aina ya Bifido ambao wanakula sukari hizo kwa ustadi kuliko wengine, wanajaa tumboni mwa mtoto, wanawabana wabaya, na wanaifundisha kinga yake kutulia. Mama ananyonyesha wawili, mtoto na walimu wa mtoto. Subhanallah.

Halafu anatokea mtu anasema kamua mwaga, mpe maji ya sukari kwanza, mpe maji ya zamzam chupa nzima, mpe dawa ya chango. Bibi yangu, hapana. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Miaka miwili hiyo nanyi mnaijua tangu Suratul Baqara. Na asali, pamoja na utukufu wake wote, mtoto hapewi mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachompooza mtoto mchanga. Wanaofanya tahniki kwa tende, muulizeni mkunga kwanza, mikono iwe safi, na iwe ni kugusisha tu, si kulisha.

Mama aliyezaa kwa upasuaji asisome hapa akaumia. Ni kweli mtoto wa upasuaji huanza na bakteria tofauti kidogo. Lakini upasuaji umeokoa wengi tunaowaona wakikimbia uani leo, na ziwa lako lipo pale pale.

Haya, tuje kwenye vidonge.

Antibayotiki ni neema. Nimemzika mtoto wa jirani aliyekufa kwa nimonia kwa sababu ya kucheleweshwa, kwa hiyo nisieleweke kwamba nazipiga vita. Daktari akikuandikia, nunua, meza, maliza. Ninachokipinga ni hiki cha kuingia duka la dawa na shilingi elfu moja, unasema nipe vya rangi mbili vitano, na muuzaji anakukatia kwa mkasi bila kukuuliza unaumwa nini. Mafua mengi ni virusi. Antibayotiki haiui virusi. Kwa hiyo umekwenda vitani, adui hukumgusa, umewapiga risasi walimu wa chuo.

Hasara yake ni kiasi gani? Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walieleza jaribio walilofanya kwa vijana 12 wa kiume wenye afya. Waliwapa antibayotiki tatu kali kwa siku nne. Baada ya mwezi mmoja na nusu sehemu kubwa ya wakazi wa tumbo ilikuwa imerudi, alhamdulillah. Lakini baada ya siku 180, aina tisa za bakteria zilizokuwamo kwa wote mwanzoni zilikuwa hazionekani kwa wengi wao. Siku nne za dawa, miezi sita ya pengo. Hao ni watu wazima wenye afya. Sasa wewe unayempa mtoto wa miaka miwili nusu dozi kila mwezi, hesabu mwenyewe.

Na kuna usugu. Vijidudu vinajifunza. Kwa mwaka 2019 peke yake ilikadiriwa kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito. Kwa hiyo vile vitano vya elfu moja si mambo yako peke yako. Unamdhulumu jirani ambaye kesho dawa hiyo hiyo itamgomea.

Mtoto akiharisha, mara nyingi hahitaji antibayotiki. Anahitaji maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya. Choo kikiwa na damu, au homa kali, au macho yameingia ndani na mtoto amelegea, hapo usikae nyumbani kusoma maandiko yangu. Hospitali.

Niwape kisa kimoja cha kuonyesha thamani ya hao mnaowaita uchafu. Kuna ugonjwa wa kuharisha vibaya unaowapata watu waliotumia antibayotiki nyingi. Wakazi wa tumbo wameisha, akabaki jambazi mmoja sugu, Klostridiamu difisile. Waholanzi walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 2013. Walichukua choo cha mtu mwenye afya, wakakichuja, wakakipitisha kwa mpira mpaka kwenye utumbo wa mgonjwa. Katika wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu. Matokeo yalikuwa bora kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wengine tiba hiyo. Najua mtauliza najisi. Ni suala la kifiqhi, linaingia kwenye mlango wa tiba na dharura, wenye elimu zaidi yangu walijadili. Mimi nililoliona ni jingine: kilichomponya mgonjwa ni kile kile ambacho pakiti ya nje ya geti inajisifu kukitoa.

Sasa sanamaki. Najua ndilo mlilokuwa mkilisubiri.

Hakuna anayekana kwamba sanamaki imetajwa katika hadithi kuwa ni tiba. Nami natumia neno hilo hilo: tiba. Tiba ni ya mgonjwa. Mtu aliyefunga choo siku nne, akatumia sanamaki kwa kipimo, hilo linaeleweka, hata hospitali zinatoa vidonge vilivyotengenezwa kwa mmea huo huo. Lakini kuichukua dawa ya kufunga choo ukamnywesha mtu anayekwenda choo kila asubuhi, kwa siku tatu mfululizo, mpaka anashika ukuta akitembea, ukaita Sunna, hiyo si tiba. Mwili unapoteza maji na madini, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mzee wa presha anayekunywa vidonge vya kukojoza akajiongezea hilo anacheza na roho yake.

Na hapa kuna jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Sanamaki ikiingia tumboni kama ilivyo haifanyi kazi. Inapita mpaka utumbo mpana, na huko ni bakteria wanaoivunja na kuigeuza kuwa kitu kinachousukuma utumbo. Yaani dawa inayouzwa kwa sifa ya kuwafagia inafanya kazi kwa hisani yao.

Je, kuharisha kwa makusudi kunawadhuru? Carolina Tropini na wenzake wa Stanford waliwaharisha panya kwa muda mfupi, kwa dawa laini kabisa ya kulainisha choo, wakachapisha mwaka 2018. Ute wa kulinda ukuta ulipungua, kinga ya mwili ilibadilika, na jamii moja kubwa ya bakteria ilipotea isirudi yenyewe hata baada ya kuharisha kwisha. Kwa mtu mzima mwenye afya wakazi wengi hurudi baada ya wiki chache, sitaki kuwatisha kwa uongo. Lakini kwa nini umfukuze mpangaji mwema kila Shaaban ukitumaini atarudi Shawwal? Na ule "uchafu wa miaka kumi" haupo. Safu ya ukuta inabadilishwa kila siku chache, nimeshasema. Uchafu wa miaka kumi utakuwa umeshikilia wapi?

Kuna atakayesema: shehe, basi uchafu ni mzuri, tuache kunawa. La hasha. Nyinyi mnatawadha mara tano, endeleeni. Kipindupindu na homa ya matumbo vinaingia kwa mikono na maji machafu, na vimezika watu wetu wengi. Twahara inazuia mgeni mbaya asiingie mlangoni. Hilo ni tofauti na kuingia ndani ya nyumba ukawafukuza wenyeji. Sabuni, choo safi, maji ya kuchemsha, yote yabaki.

Kinachowafaa wenyeji wale ni chakula, na hapa Ramadhani inatufaa sana, au inatuharibia sana, kutegemea sahani. Kule Ziwa Eyasi kuna ndugu zetu Wahadza, wanaoishi kwa mizizi, matunda pori, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha matumbo yao na ya Waitaliano, wakakuta Wahadza wana aina nyingi zaidi za bakteria. Mwaka 2017 ikaonekana tena kwamba bakteria hao hubadilika na majira: kuna wanaopungua sana masika kisha wakarudi kiangazi, kufuata chakula. Sisi wa mjini hatuwezi kurudi kuchimba mizizi. Lakini kunde tunazo, choroko, mbaazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, mchicha, mtama. Vitu vyetu vya futari vya asili vimejaa nyuzinyuzi, ndicho chakula cha wale wanaotengeneza butireti. Tumeviacha wenyewe, tukaweka kaimati za sukari, sambusa za mafuta na juisi ya unga wa rangi, halafu mwezi ukiisha tunatafuta pakiti ya kusafisha.

Ongeza mtindi. Stanford tena, mwaka 2021, waliwagawa watu wazima 36 mafungu mawili kwa wiki kumi. Waliokula vyakula vilivyochachushwa, kama mtindi, aina za bakteria wao ziliongezeka na dalili 19 za uvimbe ndani ya damu zikashuka. Fungu la nyuzinyuzi peke yake halikuonyesha ongezeko hilo kwa muda ule mfupi. Nalisema ili msije mkaniambia nimewaficha. Na togwa, ile iliyochacha siku moja haijawa pombe, nayo ina heshima yake. Utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto waliokuwa wakipewa togwa wana vijidudu vichache zaidi vya kuharisha kwenye vyoo vyao. Ikilala mpaka ikawa kali, hiyo ni habari nyingine na hukumu yake mnaijua.

Maswali yaliyokuja tangu nilipogusia jambo hili baada ya darsa la Jumanne nayajibu hapa hapa.

Aliyeuliza, nimeshanunua pakiti, nifanye nini? Usiinywe. Mrudishie kijana, akikataa, iwe sadaka ya ujinga, elfu kumi haiui.

Aliyeuliza kuhusu mume wake anayeharisha na kufunga choo kwa zamu tangu Rajab, na amepungua mwili: huyo haendi kwenye meza yoyote nje ya geti wala haji kwangu kusomewa kwanza. Anakwenda hospitali wiki hii, kabla ya mwezi kuandama. Kisomo tutamfanyia akiwa na majibu mkononi.

Na vijana wangu wa meza tatu, nimewaongelea kwa kamati. Sehemu yenu pale getini ipo. Leteni tende, kunde, mtindi na magimbi, nami nitawatangaza kwa jina.

Wallahu aalam.